Bega Lililozoea Kutoka

Mtu akikuokoa maisha, mshukuru, mnunulie soda, muombee heri, kisha hama mtaa. Fundi dari hakuhama. Alibaki kwenye chumba cha uani kwa dada yake, na aliyemwokoa alikuwa mume wa dada yake huyohuyo. Kwa miaka minne haikupita wiki bila kukumbushwa kwamba hata pumzi anazovuta si zake.

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Walikuwa wanafunga dari ghorofa ya tatu, karibu na tundu la ngazi, jukwaa likateleza na fundi akaenda nalo. Shemeji yake akamdaka kifundo cha mkono wa kulia, akalala kifudifudi ukingoni na kumning'iniza hewani hadi wajenzi wengine walipokuja kuwavuta wote wawili. Viganja vyake vilichubuka. Shemeji huyo alilia wazi, mbele za watu, huku akimwita fundi kwa jina. Fundi hajasahau hata chembe ya hayo. Bega lake lilitoka mahali pake dakika ileile, lakini kati ya bega na shingo, nani angelalamika? Tangu siku ile mafundi wakamwita shemeji huyo Mwokozi, na yeye, badala ya kuona haya, akaitika.

Sasa bega likishatoka mara moja kwa kijana, hujifunza njia. La fundi lilijifunza mno. Lilitoka akivaa shati. Lilitoka akipiga chafya amelala ubavu. Zaidi ya yote lilitoka akiinua mkono juu ya kichwa na kuupeleka nyuma kidogo, na kwa mtu ambaye kazi yake yote iko juu ya kichwa, hilo ni balaa. Kufunga dari ndiyo kazi pekee aliyoijua, na aliijua vizuri. Mbao zake za jipsamu zilikutana bila hata mwanya wa kupitisha wembe.

Kila bega lilipotoka tena, Mwokozi ndiye aliyelirudisha. Ilikuwa shughuli yenye utaratibu wake. Fundi alilazwa chali sakafuni. Mwokozi alivua kiatu cha kushoto, akakaa chini, akamkandamiza kisigino kwapani, akaushika mkono kwa mikono yote miwili na kuuvuta mpaka kitu kilie ndani. Wengine waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja wao aliongeza sauti ya redio ili mwenye jengo asisikie ukelele. Bega likirudi, Mwokozi alivaa kiatu chake taratibu na kusema, "Bila mimi ungekuwa wapi?" na fundi, machozi yakimtiririka, alipaswa kujibu, "Asante, shemeji." Asipojibu, kazi ya siku hiyo ilikuwa ya kununiana.

Kuhusu hospitali, alikwishajaribu kuisema. "Mikono iliyokushika ndiyo inayokutibu," Mwokozi alimjibu, kana kwamba ni kitu kimoja. Na dada yake, mshona sare za shule, mwanamke asiyeogopa mtu isipokuwa kuonekana hana shukrani, naye akamwambia, "Mheshimu mwenzio. Bila yeye mimi ningekuwa nimeshakuzika." Hapo hoja ilikufa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja. Mwokozi alikuwa mshikaji wa mbao, si mpimaji. Pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, ilimchanganya, na akiachiwa kufunga dari peke yake, ilitoka imelegea kama shuka kwenye kamba. Kazi zote walizopata walizipata kwa sababu ya jicho la fundi. Watu wawili walitegemeana kwa mkono mmoja mbovu, na mmoja wao tu ndiye aliyekuwa akishukuru.

Siku mambo yalipochafuka walikuwa kwenye ukumbi wa mikutano wa ofisi moja, dari ndefu, taa nyingi, mashimo mengi ya kupima. Saa ya kula wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa pamoja na wapaka rangi watatu waliokuja wiki ile. Wageni. Fundi alipowaona tu wamekaa, moyo ukamwambia kitakachofuata.

"Huyu mnayemwona," Mwokozi alianza, akimnyooshea kijiko, "ni maiti. Mimi ndiye ninayetembea nayo."

Wapaka rangi wakacheka. Akawapa hadithi yote, na siku hizo ilikuwa imeongezwa chumvi hadi ghorofa ya tatu imekuwa ya sita. Alisimama, akalala chini kuwaonyesha alivyolala, akanyoosha mkono ndani ya shimo ambalo halikuwepo. Akafika pale fundi alipokuwa akilia akiomba asiachiwe. Hilo lilikuwa jipya. Fundi hakuwahi kulia siku ile. Aliyelia ni mwingine, na fundi kwa miaka minne hakuwahi kumkumbusha hilo, kwa heshima.

"Shemeji," alisema, "leo waache watu wale."

"Kwani nawanyima chakula?"

"Unawalisha uongo. Mimi sikulia."

Mpaka rangi mmoja akakohoa. Mwokozi akarudi kwenye ndoo yake, akatafuna mkate wake akimkazia macho fundi mpaka saa ya kula ikaisha.

Walipanda jukwaani wamenuniana. Mwokozi akainua ubao, akaukandamiza darini kwa kichwa na viganja, lakini aliushika mbali na mstari, makusudi, upana wa kidole kizima.

"Sogeza kwangu kidogo," fundi alisema.

"Fuata wewe. Si una mkono?"

Basi fundi, damu ikimchemka, akaufuata ubao. Alijinyoosha na drili juu, nyuma, mbali kuliko alivyojiruhusu siku nyingine zote, na bega likatoka. Drili ikaanguka chini. Alishika mkono wake kwa mkono mwingine, akakaa kwenye mbao za jukwaa, jasho jembamba likamtoka usoni.

Mwokozi akautua ubao. Hakuvua kiatu.

"Limetoka?" aliuliza, kana kwamba haoni.

"Limetoka."

"Omba radhi kwanza."

"Radhi ya nini?"

"Umeniita mwongo mbele za watu. Waambie hawa kwamba ulilia. Kisha nitakurudishia."

Wapaka rangi walikuwa chini wamesimama na brashi zao, wakitazama juu. Ni maneno mawili tu. Maumivu yalikuwa yanampanda mpaka kwenye meno, na fundi alijua kabisa kwamba akiyasema, baada ya dakika tatu atakuwa mzima. Alifungua mdomo. Lakini alipomwona Mwokozi amekunja mikono kifuani, anasubiri na kutabasamu, kitu kikamkatikia ndani. Alimchukia. Hakuwahi kujiruhusu kulifikiria neno hilo kwa mume wa dada yake, na sasa lilimjaa kifua kizima, na lilikuwa tamu.

"Baki nacho kisigino chako," alisema.

Akashuka ngazi kwa mkono mmoja.

"Utarudi!" Mwokozi alipiga kelele kutoka juu. "Nani mwingine atakayekugusa?"

Hospitali ya serikali ilikuwa mwendo wa nusu saa. Kwa mtu aliyebeba mkono wake kama mzigo wa mayai, ilikuwa saa nzima. Kila kokoto aliyoikanyaga aliisikia begani. Jirani mmoja alimnyooshea mkono wa salamu na alipoona hasalimiwi akamtazama vibaya na kupita zake. Katikati ya njia fundi aligundua kwamba sehemu moja ya ngozi, pembeni ya bega kwa nje, haisikii kitu. Akaifinya. Kimya. Hapo ndipo alipoogopa kweli, na akatembea haraka zaidi huku akimlaani shemeji yake kwa kila hatua.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipita na pamba juu ya ngozi ile iliyokufa ganzi, akauliza wapi anasikia na wapi hasikii, akaandika. Akaagiza picha. Ilipokuja, hakumlaza chali wala kuvua kiatu. Alimpiga sindano ya kutuliza, akamlaza kifudifudi kwenye kitanda kirefu, mkono ukiwa umening'inia nje, na kwenye kifundo akamfungia mfuko wenye uzito wa kilo chache.

"Tulia," alisema. "Acha misuli ichoke yenyewe."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Ulitaka nikupige ngumi?"

Fundi alilala akitazama vigae vya sakafu, akihesabu vilivyopangwa vibaya. Baada ya kama robo saa bega likateleza kurudi ndani, taratibu, bila mlio, na maumivu yakaisha hapohapo. Alibaki vilevile kifudifudi. Hakuna aliyemvuta. Hakuna aliyemkanyaga. Akalia, sasa ndiyo akalia, na haikuwa nafuu, ilikuwa hasira. Alikumbuka visigino vyote vya miaka minne na asante zote alizozitoa juu yake.

Daktari alipima tena ngozi. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevutwa, alisema, na huenda ganzi ikaisha kwa wiki kadhaa. Akamfunga mkono kwa kitambaa shingoni na kumpeleka kupiga picha kubwa inayoonyesha mfupa kwa pande zote. "Jumatatu njoo na mtu wa nyumbani," alimwambia. "Kuna uamuzi wa kufanya."

Nyumbani siku zile hapakukalika. Mwokozi alipita uani bila salamu. Dada alimletea mdogo wake chakula na kusimama mlangoni. "Ulishindwaje kumwomba radhi tu?" aliuliza. "Kungekupunguzia nini?" Fundi akamwambia aulize bega. Dada akaondoka amekunja uso. Lakini Jumatatu alifunga cherehani yake mapema, akachukua bahasha ya picha, na walipotoka getini wakamkuta Mwokozi amevaa shati safi, anawasubiri.

"Nani kakuita?" fundi aliuliza.

"Mimi ndiye ninayelijua bega hilo," Mwokozi alijibu. "Wewe unalibeba tu."

Chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili. Dada alikaa kimoja, fundi kingine, Mwokozi akasimama mlangoni. Daktari aliweka picha kwenye kioo chenye mwanga.

"Bega ni mpira juu ya kisahani," alisema. "Kisahani ni kidogo, kwa hiyo kina ukingo laini kukizunguka, unaoshikilia mpira usitoke. Mara ya kwanza lilipotoka, ukingo huu ulichanika. Wakati ule kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupumzisha mkono, kisha mazoezi marefu ya kuimarisha misuli, na wengine huwatosha. Ya pili ni kuushona ukingo kupitia matundu madogo kwenye ngozi, na kwa kijana anayefanya kazi ya kuinua mikono, mara nyingi ndiyo tunayoshauri."

"Na sasa?" fundi aliuliza.

"Sasa tazama hapa." Aliweka kalamu juu ya picha. "Mfupa wenyewe wa kisahani umelika upande wa mbele. Na huku nyuma mpira umebonyea. Kila lilipotoka lilijigonga, na kila lilipovutwa kwa nguvu likajigonga tena. Nani alikuwa akilirudisha?"

Dada aliinamia bahasha yake.

"Mimi," Mwokozi alisema kwa sauti kubwa. "Mara ishirini na saba. Na kila mara lilirudi."

"Vipi?"

Akamwonyesha, kwa fahari kabisa: kisigino hapa, mikono hapa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulisaidia kulimaliza," alisema.

"Mimi nilimwokoa!"

"Sijakataa. Nasema kuhusu bega." Akamgeukia fundi. "Kushona ukingo peke yake hakutatosha tena. Tutakata kipande cha mfupa kutoka hapa mbele ya bega, pamoja na msuli wake, na kukifunga kwenye kisahani palipolika."

"Mnakifunga na nini?"

"Skrubu mbili."

Fundi akasogea mbele. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alikuwa anaelezwa kuhusu mwili wake kwa lugha anayoielewa. "Ukingo umevunjika, unapigilia kibanzi," alisema. "Na kisipokaa sawa na uso wa kisahani?"

"Kikipanda juu kitasaga mpira. Kikishuka chini hakitazuia kitu."

"Basi pimeni vizuri."

Daktari alikaribia kucheka. Akasema wiki nne hadi sita mkono uwe umefungwa, kisha mazoezi, na miezi sita kabla ya kuinua kitu kizito juu ya kichwa. Mkono hautazunguka nje kama zamani. Huenda akarudi kwenye dari, huenda akabaki kupima na kuelekeza wengine. Asipopasuliwa, bega litaendelea kutoka na mfupa utaendelea kulika, na mshipa uliokufa ganzi siku ile huenda siku nyingine usiamke.

"Ila nina swali," aliongeza, na akavuta faili la zamani lenye kona zilizochakaa. "Ulikuja hapa siku ya ajali. Mbona hukurudi?"

"Sikuambiwa nirudi."

"Uliambiwa." Akasoma, akifuata mstari kwa kidole. "Mgonjwa ameelezwa hatari ya bega kutoka tena. Ameshauriwa kliniki ya mifupa na upasuaji mdogo. Ameulizwa uamuzi wake. Amejibu: muulizeni shemeji. Shemeji amesema hapana, kuna kazi ya kumalizia."

Fundi alitaka kusema kwamba ni uongo. Kisha akakumbuka. Kitanda chenye magurudumu, daktari kijana aliyeshika kalamu, yeye mwenyewe bado anatetemeka, na mlangoni shemeji yake na shati lililochanika na viganja vyenye damu. Aliona haya kujiamulia mkono ambao mwenzake ndiye aliyeudaka. Akasema maneno yale kwa mdomo wake. Hakuna aliyemwibia bega. Alilitoa mwenyewe, kwa adabu, na mtu akalipokea.

Nusu ya hasira yake ilimgeukia mwenyewe. Nusu nyingine ilibaki palepale ilipokuwa.

"Kwa hiyo leo nakuuliza tena," daktari alisema. "Wewe. Unasemaje?"

"Daktari, sisi tunaona—" Mwokozi alianza.

"Nyamaza, shemeji."

Hakupiga kelele. Ila katika ukoo wao hakuna aliyewahi kumwambia shemeji anyamaze.

"Nipasueni," fundi alisema.

"Miezi sita!" Mwokozi aliachama. "Miezi sita mimi nitafunga dari na nani? Nani atapima?" Alisikia alichokisema, akaona daktari naye amekisikia, na uso ukamwiva. "Haya. Hii ndiyo shukrani. Laiti ningejua, siku ile ningekuachia."

Dada aliiweka bahasha mezani, akageuka na kiti chake chote mpaka akaelekeana na mumewe.

"Umesema nini?"

"Ni hasira tu, mama."

"Sijauliza kama ni hasira. Nimeuliza umesema nini."

Mwokozi, ambaye hadithi ya siku ile aliisimulia harusini, msibani na juu ya kila ndoo ya rangi mjini, alimtazama fundi kana kwamba fundi angemsaidia. Fundi hakumsaidia.

"Miaka minne," dada alisema polepole, "nimemfunga mdogo wangu mdomo kwa ajili ya mkono wako." Akageuka tena mezani.

Daktari alisogeza fomu. Fundi akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa karatasi ilikuwa ikikimbia, dada akaikandamiza kwa kiganja. Saini ikatoka imepinda vibaya, lakini hakuna mwingine aliyeishika kalamu ile.

"Ndugu wa karibu," daktari alisema, akisoma sehemu ya chini, "hapa kuna jina la shemeji tangu wakati ule. Libaki?"

"Lifute," dada alisema. "Niandike mimi."

Mwokozi alikuwa bado amesimama mlangoni. Daktari akapiga mstari juu ya jina lake, akamuuliza dada namba ya simu.